Kengele ya Mbuzi Kwenye Ukingo wa Daraja

Mpendwa mpwa wangu Nyangeta,

Wengine wakianza barua husema wao ni wazima, hofu ni kwa aliye mbali. Mimi leo nageuza. Wewe najua ni mzima huko India, unakula pilipili mpaka kwenye chai. Hofu iko huku kwetu, chini ya daraja, imening'inia kwa kamba ya katani.

Bahasha nimeiacha wazi kwa makusudi. Konda akitaka aisome, abiria wakitaka waisome, karani wa posta akitaka akaisome na mke wake. Daraja si la ukoo wetu. Anayevuka ana haki ya kujua anakanyaga nini.

Lakini nikianza na hofu moja kwa moja utasema mjomba amezeeka. Ngoja kwanza nikukumbushe. Unakumbuka ulivyokuwaga unaweka sikio kwenye chuma cha daraja? Ulikuwa darasa la tano au la sita. Miaka ile sabuni ilikuwa hadithi, sare yako mama yako aliifua kwa majani ya mpapai, na dizeli ilikuwa adimu kuliko mvua ya Julai. Gari la pamba likipita, watu wanalizungumzia mpaka lipite lingine. Tukitoka Bunda kwa miguu, wewe na kikapu chako cha mahindi kichwani, mimi nasukuma ile baiskeli niliyoizungushia kamba badala ya tairi, ukifika darajani lazima uiname kama mtu anayetaka kunong'onezwa. Unabandika sikio kwenye chuma cha pembeni, unafumba macho.

"Mjomba, gari linakuja."

"Hilo tu? Mimi hapa nasikia basi linapakia Mwanza. Konda anagombana na mama mmoja juu ya kuku."

"Jogoo au tetea?"

"Tetea. Na ana mayai tumboni."

Ulicheka mpaka mahindi yakamwagika. Na gari kweli likaja, lile lako. Tangu siku hiyo nimewaambia watu wote kutoka Butiama mpaka Guta kwamba kazi ya madaraja ulifundishwa na mimi. Mama yako anabisha. Anasema mimi nilikufundisha kucheka tu. Hata hicho si kidogo, dada yangu hajui.

Halafu ukaja siku ile na Landrova ya ofisi, umevaa suruali na kofia ngumu ya njano, na kijiji kizima kikashuka mtoni kukutazama. Mwenyekiti wetu Mzee Magesa, unamjua, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, akauliza kwa sauti ili usikie: "Huyu ndiye injinia, au ni mke wa injinia?"

Ukamwamkia kwa heshima zote. "Shikamoo mzee. Naomba unishikie waya huu, usiuachie."

Akaushika mpaka jua likafika utosini. Nilikaribia kufa kwa kicheko, na mbavu zangu ni zile zile zilizovunja mpini wa jembe.

Ulikuwa umekuja na vile vibandiko vyako ulivyoviita geji, vidogo kama ukucha, vya kugandisha kwenye chuma kwa gundi. Ukanieleza, na nilikuelewa kuliko unavyodhani: gari likipita juu, chuma kinavutika kidogo mno, jicho halioni, lakini kile kibandiko kinavutika nacho na sindano ya kwenye kisanduku inacheza. Vilikuwa vinne tu. Fedha za kigeni hakuna, ulisema, na hivyo vinne vyenyewe vilipatikana kwa kupiga magoti. Daraja refu namna ile, macho manne. Ukakaa kwenye jiwe na karatasi zako unakuna kichwa, utaweka wapi.

Nikakwambia, "Weka vyote katikati. Daraja linacheza katikati kama kiuno cha mwali."

Ukasema, "Mjomba, watu wanne wakikaa dirisha moja wanaona moshi mmoja. Nyumba ikiwaka upande wa nyuma, wote wanne watasema hakuna moto."

Neno hilo lilinichoma. Halafu nikakumbuka baba yangu, babu yako, na kengele zake. Alikuwa na ng'ombe wengi na kengele chache. Nikakusimulia alivyokuwa akizigawa: moja kwa dume linalotangulia, moja kwa yule mzembe wa nyuma, moja kwa yule mtundu anayependa kuchepuka kwenye shamba la mtu. Wale wa katikati hawafungi kitu, maana anakokwenda mmoja wanakwenda wote. Mchungaji akiwa amefumba macho anajua kundi lake lote liko wapi.

Ulinirukia shingoni mbele za watu! "Mjomba, hiyo ndiyo hesabu ninayoitafuta!" Ukaandika, ukafuta, ukaandika. Kibandiko kimoja katikati, kimoja robo ya njia, na viwili huko miishoni, pale boriti za chuma zinapokalia ukuta wa mawe, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu angepatazama. Ukanionyesha kile cha upande wa Bunda. "Hiki kitakaa kimya karibu siku zote, na watu watasema hakina kazi. Siku kikianza kusema, msikisikilize kwa sikio moja."

Maneno hayo nimeyabeba kama mtu anavyobeba kaa la moto kwenye kigae. Kisanduku kilikuwa kimoja, kikahitajika kwingine, ukaondoka nacho. Halafu ukaondoka wewe mwenyewe, ukapanda ndege kwenda kuongeza elimu. Vile vibandiko vilibaki pale vimekauka kama magamba ya sato, bila sindano ya kuvisoma.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Ilipokolea ruksa ya kila mtu kufanya biashara, mpwa wangu, hutaamini. Maduka yaliyokuwa yanauza vumbi sasa yanauza redio. Mitumba imemwagwa Musoma mjini mpaka Buhare, mzee wa miaka sabini anavaa koti la mwanamke wa Ulaya na anapendeza. Na sangara! Samaki tuliyekuwa tunamkimbia kwa mafuta yake sasa anapakiwa na barafu kwenye malori yenye mwili kama nyumba, kutoka Guta kwenda viwandani Musoma. Barabara kubwa ina mizani ya kupimia uzito. Wenye malori hawapendi kupimwa. Kwa hiyo wanapita wapi? Kwetu, njia ya vumbi, juu ya daraja lililojengwa wakati mzigo mzito kuliko yote ulikuwa marobota ya pamba.

Daraja lilianza kuguna. Nilitoa wazo kanisani baada ya ibada: tufunge kengele za ng'ombe chini yake, mahali pale pale alipobandika injinia wetu, tulisikilize. Kila mtu alikubali, na nilitembea wiki nzima kifua mbele. Shida ilianza siku ya kufunga.

Mzee Magesa alileta kengele ya dume lake lile lililomwangusha mtu wa mnada. Kubwa kama sufuria. Nikamwambia, "Mwenyekiti, hii tuipeleke kule mwisho, kwenye ukuta wa mawe."

"Kule ambako hailii? Kengele ya dume langu ikae kimya kama ya mjane?"

Akaifunga katikati. Aliyefuata hakutaka kengele ya baba yake iwe nyuma ya ile ya Magesa, akaifunga ubavuni mwake. Wa tatu naye hivyo hivyo. Unajua kwetu kengele si chuma, ni jina la mtu linalosikika ng'ambo ya kilima. Nami nilikuwa na kengele ya babu yako, ile yenye ufa wa sauti tamu, na sikuona kwa nini jina la babu yako lining'inie gizani. Saba zikajaa katikati kama popo. Gari likipita ilikuwa sherehe! Watoto walicheza ngoma.

Kule mwisho, upande wa Bunda, pakabaki patupu. Mama yako akatazama, akaenda nyumbani akarudi na kengele ya mbuzi wake, ndogo kama kikombe cha kahawa. "Mimi sina dume," akasema. "Fungeni hii pale alipopasema mwanangu."

Watu wakaangua kicheko. Tukaifunga. Na kweli ilikaa kimya, misimu na misimu, malori yakipita ya katikati yanaimba na ile haitikisiki hata kidogo. Ukuta wa mawe umeishika boriti, boriti imetulia.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, mto ulikuja mwekundu, ukawa unakula udongo chini ya ule ukuta. Nikapita siku moja natoka shambani, lori la sangara likavuka, saba zikaimba kama kawaida. Halafu, nyuma ya wimbo, nikasikia kitu kidogo. Ti. Ti-ti. Nilisimama jembe begani. Lori lingine. Ti-ti.

Nyangeta, nililitupa jembe pale pale.

Nilikwenda kwa mwenyekiti mbio. Akanisikiliza huku anachokoa meno. "Kengele saba za madume zinasema daraja ni zima. Kengele moja ya mbuzi inasema linakufa. Barazani nani anashinda?"

"Mwenyekiti, zile saba ni shahidi mmoja. Ziko dirisha moja!"

"Haya, Kifaru, nenda ukapumzike."

Hilo jina unalijua linatoka wapi. Kule vitani nilisukuma gari likatoka kwenye tope. Sijakataa kwamba katika kulisimulia lile gari lilikua, likawa lori, na kwamba kwenye arusi moja lilikuwa kifaru. Wewe mwenyewe ulikuwa unanidaka: "Mjomba, Pasaka lilikuwa na magurudumu, leo lina minyororo?" Tulicheka. Lakini sasa nikisema jambo moja la kweli, watu wanagawanya kwa kumi kabla sijafunga mdomo.

Nikaenda ofisini kwa watu wa barabara. Karani akasema lete barua ya injinia. Nikasema injinia yuko India. Akasema basi msubiri. Nikamwendea Bwire, dereva wa basi letu linalokwenda Bunda, nikamwomba awashushe abiria wavuke kwa miguu. Akachungulia dirishani. "Mjomba Kifaru! Wewe si ulisukuma kifaru? Ingia chini ulishike kwa bega, sisi tupite." Basi zima likacheka, na mama yako amekaa kiti cha pili na ndoo zake za dagaa.

Huko ndiko roho yangu iliko. Kila siku ya gulio mama yako anavuka kwenda Bunda na anavuka kurudi. Nimemsihi. Ananiuliza, "Nisipovuka tutakula nini? Utatukaangia hadithi?" Na ile kengele ni yake! Anaijua sauti yake kuliko mimi. Lakini njaa nayo ina sauti.

Basi alfajiri ya jana, siku ya gulio, kabla basi halijaja, nilishuka mtoni na mzigo wa majani mabichi. Nikapanda kwenye boriti, na usiniulize umri wangu, nikaziba kengele zote saba. Nilisokomeza majani mpaka ulimi wa kengele ukashindwa kugeuka. Nilitaka ile ndogo isikike peke yake, na mama yako aisikie akiwa kwenye basi.

Lakini nilisahau mimi ni mtu wa wapi. Kwetu nani anaziba kengele kwa majani? Mwizi wa ng'ombe! Ndivyo wanavyopitisha kundi la mtu usiku bila kulia. Mwanamke mmoja aliyekuja kuchota maji akaona kengele ya Magesa imeshonwa majani mdomoni, akatupa ndoo na kupiga yowe. Yowe likapokewa kilimani, likapokewa kanisani, na kabla sijashuka wanaume wote wako chini ya daraja na marungu, wengine na mishale, mmoja hajamaliza kuvaa suruali. Wakanikuta nimeng'ang'ania boriti na majani mfukoni.

"Ni Kifaru!"

"Anaiba kengele!"

"Anaiba daraja zima!"

Mzee Magesa akafika anahema, rungu juu. "Umeziba jina langu! Umeniziba mdomo mbele ya kijiji!" Akanivuta mguu nikaanguka kwenye matope. Mama yako akaja mbio kutoka stendi, ndoo kichwani, akasimama kati yangu na rungu. "Mpige, lakini kwanza akuambie kwa nini."

Sikuwa na haja ya kusema. Kule ng'ambo lori la sangara lilikuwa linateremka kilima, limejaa mpaka turubai limevimba. Wote tukiwa chini pale kando ya maji, tukanyamaza kungoja lipite, maana mtu hagombani chini ya lori.

Lilipanda darajani. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na wimbo. Saba zilikuwa bubu. Tulisikia magurudumu, tukasikia mbao, halafu kutoka kwenye kile kivuli cha ukuta wa mawe, ile ndogo: ti-ti-ti-ti-ti, kama mbuzi aliyeona chui. Tukageuza macho wote. Tukaona mwisho wa boriti unainuka, unashuka, unainuka, na kila ukishuka kokoto zinadondoka majini. Lori likapita. Kengele ikaendelea kulia peke yake kidogo, halafu ikaacha.

Hakuna aliyecheka. Mzee Magesa aliteremsha rungu polepole. "Hiyo ni ya nani?" akauliza, kama hajui.

"Ya mbuzi wangu," akasema mama yako.

Basi la Bwire lilipofika, mama yako hakupanda. Alisimama mbele yake na ndoo kichwani, akamwamuru azime injini, asubiri, kisha apite tupu nyuma ya watu. Bwire akatazama yale marungu, hakutaja kifaru. Abiria wakashuka, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mwanafunzi na sanduku lake, hata yule mzee wa koti la Ulaya, wakavuka kwa miguu wamemfuata mama yako. Halafu basi likapita polepole, bila mtu isipokuwa Bwire anayejiombea kwa sauti. Ti. Ti.

Ungefikiri nimeshinda. Wenye malori wamekataa kushusha mzigo wala kupunguza mwendo, wanasema kengele ya mbuzi haiwalipi mshahara. Magesa amekwenda ofisini mwenyewe, akaambiwa na yeye maneno yale yale ya barua ya injinia. Amerudi mdogo, sijawahi kumwona hivyo. Tunarundika mawe chini ya ule ukuta, mto unayachukua, tunarundika.

Na kuna jambo lingine ambalo wewe tu utalielewa. Leo asubuhi nimekuta Magesa amehamisha kengele ya dume lake. Ameifunga kule mwisho wa Bunda, ubavuni mwa ile ya mbuzi. Aliyefuata akahamisha yake. Wote wamehama, wanasukumana, kila mtu anataka jina lake liwe pale panaposema kweli. Sasa katikati ni uchi, ukuta wa upande wetu ni uchi, na kule pembeni kuna dirisha moja limejaa watu, linaona moshi mmoja. Hata ya babu yako niliikuta imehamishwa; nimeirudisha katikati, iko peke yake, inalia kwa upweke. Lakini hizo nyingine zikae wapi? Ubovu mwingine ukianza mahali pengine nani atatuambia? Wewe ndiye unajua hesabu yake. Mimi nilijua ng'ombe tu, na daraja haligeuki kukutazama ukiliita.

Kwa hiyo nakuomba vitu viwili. Andika barua yenye mhuri wa shule yako, hata mistari miwili, kwamba daraja lifungwe kwa malori mpaka ule ukuta utengenezwe. Na utuchoree daraja, utie nukta mahali pa kila kengele. Usiandike majina ya wenye kengele. Tia nukta tu, nami nitasema umeamua wewe. Watakubali, maana Magesa bado anakumbuka ule waya.

Nyangeta, kwa kawaida ningekwambia hapa kwamba siogopi, kwamba nimeshalala na chatu kitanda kimoja. Naogopa. Nasikia ti-ti hata kwenye kijiko kikigonga kikombe. Nikimwona mama yako anafunga kanga tayari kwa safari, nashuka mtoni kuhesabu mawe tuliyorundika.

Gulio lingine linakuja. Posta iko Bunda, unajua, na hakuna njia nyingine. Mama yako ameiweka barua hii kifuani, ndani ya kanga, atavuka nayo kwa miguu mbele ya basi, na mimi nitakuwa chini pale kwenye maji nimefumba macho kama ulivyokuwaga unafumba wewe. Kwa hiyo ukiwa umeishika mkononi sasa hivi, imekunjika na inanuka dagaa, usihangaike kuuliza kama siku ile alivuka salama. Alivuka.

Habari za kurudi kwake ndizo sizijui.

Mimi, anayekusikilizia huku,
Mjomba wako.